Kijiko (excavator) cha kukodisha: soko bado lipo? Na je, Komatsu mtumba au Sany mpya?

mzee_wa_kifusi: Wakuu habarini, niko Mwanza, nataka kuingia kwenye kukodisha mitambo, nimelenga kijiko cha tani 20 hivi. Watu walipiga hela kipindi cha Bwawa la Nyerere na SGR, sasa bwawa limeisha na daraja la Kigongo-Busisi nalo lilifunguliwa 2025, je bado kuna kazi au ndo nimechelewa? Halafu nichukue Komatsu PC200 mtumba ya Japani au Sany ya Mchina mpya kabisa?

Ngosha77: Hujachelewa mkuu, ila miradi mikubwa isikutoe macho. Mkandarasi wa bwawa la megawati 2115 anakuja na mitambo yake, sisi wenye mashine moja moja tunaitwa akizidiwa tu. Mteja wetu hasa ni mchimbaji mdogo, Geita, Kahama, mpaka Chunya huko, dhahabu ikipanda bei simu hazitulii. Pili ni hawa wakandarasi wa barabara za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), wao wanatafuta zaidi greda na shindilia lakini kifusi nani atakichimba, si kijiko? Shida ni masika, Machi mpaka Mei tipa hazipiti na kijiko kinalala huku rejesho la benki liko palepale, kwa hiyo ukipiga hesabu usihesabu miezi 12.

fundi_haidroliki: Mimi ni fundi nakwambia ukweli. Ukichukua mtumba tafuta PC200-8, spea zake zipo na mafundi wanaijua. Hizi mtumba za miaka ya karibuni zenye chujio la moshi, na nyingine zinataka na AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi), zinakuvutia kwa usafi lakini zinataka dizeli yenye salfa kidogo sana, ukienda porini ukaweka dizeli ya kwenye madumu chujio linaziba, injini inapungua nguvu na kule hakuna kompyuta ya kuipima. Na masaa ya kwenye mita usiyaamini sana, angalia cheni, pini za boomu na pampu ikishapata moto. Sany SY215 sio mbaya, unapata na waranti, ila bei ya kuja kuiuza baadae haiwezi kufikia ya Komatsu.

MamaMitambo: Nyongeza kidogo kaka yangu, kodisha bila mafuta, dizeli iwe ya mteja, na muandikiane masaa ya chini ya kulipwa kwa siku ili mvua ikinyesha usikose kabisa. Opareta awe wako, mlipe vizuri, huyo ndo anashika mtaji wako wote.

mzee_wa_kifusi: Asanteni sana wakuu, naelekea kwenye PC200-8. Lobedi ya kubeba mashine mpaka saiti analipa nani, mimi au mteja?

MamaMitambo: Mteja, kwenda na kurudi, na hela iingie kabla mashine haijapanda.