Kiatu cha breki ya nyuma kimelowa mafuta: nikisafishe au nikibadilishe?

Mkazi wa Isamilo

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba ushauri kuhusu breki za nyuma za gari la familia, Toyota Corolla ya mwaka 2002, yenye diski mbele na dramu nyuma. Kwa majuma mawili sasa hendibreki inapanda hadi meno 12 ndipo ishike, na kwa kuwa njia ya kufika kwangu hapa Isamilo, Mwanza, ni mteremko mkali, kila jioni mwanangu mkubwa hulazimika kuweka jiwe nyuma ya tairi kabla sijashuka. Juzi nilikuta mafuta ya breki yamekaribia alama ya chini, nikaongeza, na leo asubuhi yameshuka tena. Nilipofungua gurudumu la nyuma kushoto nilikuta tairi limelowa upande wa ndani, na nilipotoa dramu niliona viatu (vipande vinavyoisugua dramu kwa ndani) vimekuwa vyeusi vyenye kung'aa, huku vumbi limegandamana chini yake kama uji mzito. Upande wa kulia ni mkavu.

Jirani yangu ameniambia nivioshe kwa petroli, nivichome kidogo kwa moto, nivipige msasa na kuvirudisha. Uani pangu pana saruji tambarare, na jeki na spana ninazo. Je, njia hiyo inafaa? Na kama nitanunua vipya, ninaweza kubadilisha upande wa kushoto peke yake? Gari hili ndilo linaloshusha watoto shuleni kila siku, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Fundi wa Mabatini

Mkuu, pole, na ninakuomba gari hilo lisishuke mlimani tena mpaka kazi hii ikamilike. Watoto wapande daladala.

Viatu vilivyolowa usivirudishe. Bitana yake, yaani tabaka la kusugua lililogandishwa juu ya chuma, ina vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta. Petroli huosha uso wa juu tu, na siku utakapokanyaga breki kwa muda mrefu ukiteremka, joto litayatoa mafuta yaliyobaki ndani, na gurudumu hilo litashika kidogo kuliko mwenzake au litang'ata ghafla. Moto nao hudhoofisha gundi inayoshika bitana kwenye chuma. Petroli ikigusa raba za silinda huzivimbisha, kwa hiyo ushauri ule ungekuongezea ugonjwa wa pili.

Hata hivyo, viatu vimeponzwa tu. Anayevuja ni mwingine. Juu ya viatu kuna silinda ndogo ya gurudumu yenye vifuniko vya raba pande zote mbili. Inua ukingo wa kila kifuniko taratibu kwa bisibisi: mafuta yakichuruzika, raba za ndani zimekwisha. Katika gari lako, ambalo husukumwa na magurudumu ya mbele, sioni mahali pengine pa kutoka mafuta pale nyuma. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace, ningekuambia unuse kwanza, kwa sababu sili ya ekseli ikichoka nayo hulowesha viatu, lakini kwa oili nzito ya difu (gia za ekseli ya nyuma).

Viatu badilisha pande zote mbili, hata kama vya kulia vingali vizima, kwa sababu ekseli moja haifai kuwa na kiatu kipya upande huu na kilichokwisha upande ule. Toa dramu zote mbili lakini fungua upande mmoja tu kwa wakati, ili mwingine ubaki kielelezo cha mahali pa kila springi. Nimeona watu wenye akili timamu wakikaa mchana kutwa na springi moja mkononi wasijue ilikotoka. Kijiti cha kurekebishia viatu usikichanganye na cha upande wa pili, kwa kuwa nyuzi za skrubu zake hugeuzwa: za kushoto huelekea kinyume cha za kulia. Na dramu ikiwa nje, pedali isikanyagwe kamwe, hata kwa kujaribu, maana pistoni itaruka kutoka kwenye silinda.

Nina swali pia: je, kuna mtu aliyewahi kukaza kebo ya hendibreki ili kupunguza meno? Kama yupo, ilegeze kwanza. Urefu wa hendibreki hurekebishwa kwa kusogeza viatu karibu na dramu. Kebo huja mwisho.

Mama wa Nyegezi

Kaka, fundi amesema vyema. Mimi ninaongeza ya usalama, kwa kuwa kazi hii nimeifanya uani kwangu mara mbili. Utaachia hendibreki ili dramu itoke, kwa hiyo gari halitakuwa na kizuizi nyuma: liweke kwenye gia, na magurudumu ya mbele yawekewe mawe mbele na nyuma. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi, na tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwani viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kisha ukitupe.

Tena, ikiwa gari huoshwa ufukweni kwa kuingizwa majini, acha desturi hiyo. Maji na mchanga huingia ndani ya dramu, nawe hujui mpaka uanze kusikia mkwaruzo. Ziwa nalo halihitaji oili zetu.

Fundi wa Mabatini

Dada, umenena. Mkuu, usibadilishe raba tupu kabla ya kuitazama silinda kwa tochi. Ikiwa na vishimo vya kutu ndani, raba mpya zitavuja baada ya muda mfupi. Nunua silinda nzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na maji hayo ndiyo huleta kutu, kwa hiyo chukua kopo jipya lililofungwa, la aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki cha gari lako.

Mkazi wa Isamilo

Wakuu, ninarudi kushukuru. Silinda ya kushoto ilikuwa na vishimo viwili vya kutu ambavyo ukucha ulivisikia, kwa hiyo niliweka silinda mpya na viatu vipya pande zote. Kebo kweli ilikuwa imekazwa, nikailegeza. Katika kutoa upepo kwenye mabomba ya breki mwanangu alikanyaga pedali nami nikafungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo nyuma ya silinda), mpira wake ukiwa umezama ndani ya chupa yenye mafuta, tukianza na gurudumu la kushoto lililo mbali zaidi na masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali), mpaka mapovu yakaisha na pedali ikawa ngumu. Viatu nilivisogeza hadi dramu ikazunguka kwa mkono huku ikigusa kidogo sana.

Hendibreki sasa inashika kwenye meno 7. Nilijaribu kwanza uani, kisha barabara tambarare kwa mwendo mdogo, ndipo nikapanda mlima. Nilichora mstari wa kalamu kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Leo ni siku ya nne, nayo hayajaachana na mstari.