Wachoraji wa picha za tingatinga: oda zimekata, masika hii niutumieje muda?

Wakuu habari. Oda ya mwisho nimeshakabidhi, na watalii hawarudi kwa wingi mpaka Juni. Nina marikani mita 5, brashi, na makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki nusunusu. Nifanye nini cha maana kabla ya msimu?

Fundi_Fremu: Andaa turubai za kuchorea, mkuu. Marikani yenye upana wa sentimita 150 itakupa vipande 14 vya 70 kwa 70, vya fremu za 60 kwa 60. Piga pini katikati ya kila upande, pande zinazotazamana kwanza, kisha sogea pembeni. Kona ziwe za mwisho, la sivyo kitambaa kinajikunja. Paka gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa maji 2, iache mpaka kesho. Halafu rangi nyeupe ya maji mara mbili, katikati pitisha msasa namba 220. Usiiruke gundi: pamba ikinywa mafuta ya rangi, mng'ao unapotea na nyuzi zinaoza polepole. Ukiizidisha nayo, picha inapasuka mteja akiikunja.

Muuliza swali: Asante sana. Na makopo yaliyoota ngozi juu?

Mama Rangi: Ngozi inaletwa na hewa. Usiikoroge ndani, chembe zake zitaharibu mistari myembamba yote. Zungusha kisu ukingoni, itoe nzima, kisha chuja rangi kwa soksi ya nailoni. Inayobaki hamishia kwenye chupa ndogo ijae hadi shingoni, maana kopo nusu ni hewa nusu. Brashi suuza kwa mafuta ya taa, halafu sabuni na maji ya uvuguvugu. Mafuta ya taa yakibaki kwenye nywele, rangi inachelewa kukauka.

Kunguru wa Pwani: Yote sawa, ila mkono usilale. Picha za tembo za kuuzia zipumzishe. Chukua kunguru wa hapo nje, mchore kwa penseli mikao 20, kisha punguza mistari mpaka ibaki ile ambayo ukiifuta ndege anapotea. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alipoanza 1968 alitumia vibao na rangi za kawaida za makopo. Nguvu ilikuwa kwenye umbo.

Fundi_Fremu: Nyongeza: michoro uliyonayo ipige picha sasa, kivulini, bila flashi, rangi ya mafuta inarudisha mwanga. Vipimo andika nyuma kwa penseli. Wino unaweza kupenya mbele.