Tupeane uzoefu: mimba na soriasisi (ule ugonjwa wa ngozi wa magamba), nyinyi mlivukaje?

BintiLangoni:
Assalamu alaykum dada zangu. Leo asubuhi nimempeleka mdogo wangu kliniki ya wajawazito, nikamuona msichana mmoja, tumbo lake kama la miezi mitano, amevaa soksi na glavu na joto lote hili. Alipopandisha mkono wa buibui apimwe presha nikajua. Kiwiko chekundu, magamba meupe yamepandana. Mama aliyekaa kando yake akasogea, na mwanawe akamvuta. Nilitaka kumwambia neno, akaitwa ndani, na alipotoka hakutazama mtu. Nimerudi nyumbani sijatulia. Mkono ule ulikuwa wangu mimi.

Mimba yangu ya kwanza ilinisafisha. Wallahi kufika mwezi wa nne ngozi nyororo, hata kichwani, nikaweka mafuta kando nikasema nimepona. Nikazaa salama. Wiki ya tano, arobaini haijatimia, yakarudi yote na mengine mapya: mgongoni, nyuma ya masikio, chini ya matiti. Watu waja kumuona mtoto, mimi nimejifunika leso mbili kama mwenye homa. Siku moja jamaa wa upande wa mume akamchukua mtoto mikononi mwangu, akenda naye uwani kumwosha. Kumwosha, kwa kuwa nimemshika mimi. Mbele ya wageni. Nilitabasamu. Usiku nilimnyonyesha gizani ili nisiione mikono yangu.

Mtoto sasa anasoma, na jambo lile bado liko kifuani. Nyinyi mlivukaje?

Mama_Wanne:
Hiyo ya kumwosha mtoto imenikata maini. Pole mamangu.

KadziWaMaweni:
Huku Malindi waliniambia mimba hupoza. Yangu ilichochea. Nilitibiwa choa miezi miwili, tyubu baada ya tyubu, hadi daktari wa ngozi akakwangua gamba kidogo akasema hii si choa wala ukurutu. Kufikia hapo mama mkwe alikuwa ameshanipangia mganga, ati nimekula kitu cha mwiko ndiyo maana nimeota magamba.

BiShela:
Yangu haikupoa haikuzidi, ilikaa vilevile miezi tisa. Kilichoniharibia ni arobaini yenyewe. Nilikandwa maji ya moto na kusuguliwa singo kwa nguvu, na kila paliposuguliwa pakaota baka jipya. Halafu nikapakwa piko nitoke nje nimependeza. Ikaniwasha, na ua lile lote likaota magamba, jani kwa jani, kwa mchoro uleule. Nilitembea nalo miezi.

Mkunga_Mambrui:
BiShela, hiyo ya ua ni kweli kabisa. Ngozi yenye soriasisi ukiichubua, ukiichoma au ukiikuna, baka huota hapohapo. Anayekanda mzazi wa namna hii atumie maji ya vuguvugu na kiganja, singo aiweke kando. Na piko nyeusi ya rangi ya nywele msiiguse.

Nimezalisha miaka mingi, niseme ninayoyajua. Hii haiambukizi, si kwa kushikana, si kwa taulo, si kwa kunyonyesha. Ni kinga ya mwili inayoiharakisha ngozi: kazi ya kama mwezi mmoja inafanyika kwa siku chache, ndiyo magamba yale. Mimba ikija, kama nusu ya wanawake hupata nafuu, wengine hubaki walivyo, wachache huzidi. Baada ya kuzaa wengi huwarudia, kwa hiyo BintiLangoni hukufanya kosa lolote. Mjamzito aanze na mafuta mazito mara nyingi kwa siku, na haidrokotisoni ya kupaka kidogo akiandikiwa. Zile krimu kali za kung'arisha zinazouzwa madukani, nyingi zina steroidi kali ndani, na ukizipaka mwili mzima muda mrefu mtoto anaweza kuzaliwa mdogo.

Mafuta_na_Mizizi:
Krimu zote ni sumu tu. Achukue shubiri, kidogo apake, kidogo anywe asubuhi kabla ya kula. Na aoge bahari siku saba.

Mkunga_Mambrui:
Kupaka ute wake sina neno. Kunywa hapana! Utomvu ule wa manjano unaharisha na kukata tumbo, na mimba haitaki hivyo.

Mafuta_na_Mizizi:
Bibi zetu walikunywa.

KadziWaMaweni:
Bibi yangu alizaa tisa akalea wanne. Niache mie.

BiShela:
Msigombane. Bahari mimi ilinifaa, lakini ukitoka ujisuuze maji matamu na ujipake mafuta papo hapo ngozi ingali na unyevu. Ukikaa na chumvi yapasuka. Na jua la asubuhi juu ya nyumba, kabla halijawa kali, dakika chache tu, mikono na miguu wazi, hapo hakuna anayekuona ila kunguru.

Mtu_wa_Watamu:
Mimi nasoma huku mkono watetemeka. Nilikuwa nameza methotreksati mara moja kwa wiki. Ilinisaidia sana. Walioniandikia hawakuwahi kuniuliza kama nimeolewa, nami sikujua kama ni jambo la kusema. Nilipogundua nina mimba nilikuwa na wiki sita na bado nameza. Ilitoka wiki ya tisa. Kama ni dawa au ni kudra tu sitajua. Mwenye kuimeza asishike mimba bila kuongea na daktari, yataka kuachwa miezi kadhaa kabla. Na ile nyingine, asitretini, ukiiacha wangoja miaka 3.

Mama_Wanne:
Mungu akupe subira dada.

MtuWaPate:
Nilikuwa kimya. Sasa niseme.

Mimba yangu ya pili, mwezi wa saba. Nilichoka kujikuna, shemeji akaniletea vidonge vidogo vyeupe kutoka duka la dawa, wamemwambia ni vya mwasho. Siku tatu ngozi ikapoa. Nikameza wiki tano, vikiisha naagiza vingine. Halafu kusi likachafuka, boti hazikuja, vidonge vikaisha. Sikujali. Siku ya nne nikaamka usiku meno yagongana, nikadhani malaria. Kulipokucha mama akafunua leso, akanyamaza. Mapaja na tumbo jekundu kama nimemwagiwa uji wa moto, na juu yake vipele vya usaha vidogo vidogo, havihesabiki, vyaungana vinakuwa madimbwi. Leso ikinata, ngozi yaondoka nayo. Adhuhuri vidole vya mikono vikajikunja, havifunguki.

Mama akasema nisomewe. Mume wangu akasema, "Asomewe njiani." Nikabebwa juu ya godoro hadi gatini Mtangawanda. Tukakuta maji yamekupwa, mlango wa Mkanda hapapitiki, na nje ya kisiwa cha Manda mawimbi yamesimama. Tulingoja maji yajae. Mama ananisomea Yasini, mimi nahesabu mtoto akicheza. Alicheza mara mbili, kisha akatulia muda mrefu, na hapo niliacha kuisikia sauti ya mama.

Daktari aliyenipokea Amu (Lamu) alikuwa kijana mdogo. Hakuuliza nimekula nini wala nimemkosea nani. Aliuliza, "Ulikuwa wameza nini, na umeacha lini?" Mume wangu akatoa karatasi mfukoni: prednisoloni, steroidi ya kumeza. Ukizimeza muda mrefu ukakata ghafla, soriasisi hulipuka kwa usaha, na mimba peke yake pia huweza kuileta aina hiyo, haitokei sana lakini inaua. Vidole vilijikunja kwa kuwa kalsiamu imeshuka. Wakaniwekea dripu, wakanirudishia dawa ileile kwa kipimo chao, baadaye wakaipunguza kidogo kidogo. Nikapelekwa kwa ambulensi hospitali kubwa, mtoto akazaliwa wiki ya 35, kilo 2 na kidogo.

Yu hai. Ana miaka sita. Ndiye anayenipaka mafuta mgongoni nisipofika.

BintiLangoni:
Ya Rabbi. Nimelia.

Nahodha_Mokowe:
Dada, nahodha wako alifanya sawa kungoja. Kusi lile nje ya Manda si pa kupitisha mgonjwa.

Mwana_wa_Faza:
Angepita nje na mashine mbili angefika mapema. Mimi nimepita mara nyingi.

Nahodha_Mokowe:
Umepita na mjamzito juu ya godoro?

MtuWaPate:
Kaka zangu, tulifika. Rudini kwenye ngozi.

KadziWaMaweni:
Ulizaa tena?

MtuWaPate:
Sikuzaa. Niliambiwa huweza kurudi mimba nyingine, na mapema zaidi. Nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi.

Mkunga_Mambrui:
Wote wanaosoma: mjamzito mwenye soriasisi akipata homa na vipele vya usaha, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mama_Wanne:
Mkunga, na vile vidonge vya malaria vya kliniki? Niliambiwa vyazidisha, nikawa navitema nyuma ya choo.

Mkunga_Mambrui:
Usiteme mwanangu! Inayojulikana kuamsha soriasisi ni klorokwini. Tunayowapa pwani hii ni SP, dawa nyingine kabisa, na malaria ya mimba ni hatari kwako na kwa mtoto. Meza mbele ya nesi, na ulale ndani ya neti.

Mafuta_na_Mizizi:
Ya kunywa shubiri nimeiondoa. Ya kupaka siiondoi.

Mkunga_Mambrui:
Hiyo baki nayo.

Mtu_wa_Watamu:
Na kwa wanaonyonyesha, je? Nauliza kwa kuwa nina mimba tena, miezi mitatu, safari hii nameza asidi ya foliki tu.

BiShela:
Mashallah! Mashallah!

Mkunga_Mambrui:
Alhamdulillahi. Unyonyeshe bila wasiwasi. Krimu ya steroidi usiipake kwenye chuchu; ikibidi, paka ukimaliza kunyonyesha na upanguse vizuri kabla ya zamu nyingine.

BintiLangoni:
Mdogo wangu anarudi kliniki mwezi ujao, siku ileile ya wajawazito. Nitakwenda naye tena, nikae benchi lile. Nikimuona nitamwambia nini?

MtuWaPate:
Usimwanze na dawa. Kaa upande ule aliouacha yule mama.

BintiLangoni:
Inshallah. Nataka nimchukulie mafuta ya nazi. Nani akamua Langoni siku hizi? Ya dukani yana manukato.

BiShela:
Njoo kwangu Alhamisi, lete chupa.