Tupeane uzoefu: lini uliacha kuutolea jasho wokovu?

Binti Kwaya: Leo mhubiri kasoma Waefeso 2:8-9, ile "si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu". Nikakumbuka nilivyokuwa nafunga hadi vidonda vya tumbo, na kila mkutano wa injili naokoka upya. Wenzangu ilikuwaje?

Mlokole Mstaafu: Kuokoka kila mkutano, hahaha! Tuko wengi.

Mhaya: Bibi aliokoka kwenye ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda. "Damu imeshalipa," anakwambia. Akikuona na hereni, sheria kumi.

Mtoto wa Uru: Mmenigusa. Baba alikuwa mnywaji. Alipolazwa, mwinjilisti mstaafu, jirani yetu, akamsomea yule mhalifu msalabani aliyeahidiwa peponi na Yesu, Luka 23. Baba akauliza, "Huyo hakutoa hata zaka?" Mzee akamjibu, "Mikono imepigiliwa misumari, angetoa na nini?" Baba akacheka, akalia, akaomba asaliwe. Usiku ule ule akafariki. Usharika ukagoma kumzika: jumuiya hakuonekana, bahasha za sadaka hazijarudi. Jeneza liko uani, watu wamejaa, mzee wa kanisa kashika daftari. Baba mdogo anasema tulipe yaishe. Mama akagoma: "Kama mbinguni wanadai risiti, mume wangu hana hata moja." Mwinjilisti akamzika mwenyewe, kavaa koti lake la kila siku.

Binti Kwaya: Jamani 😭

Mkatoliki Safi: Walutheri nyie, 1517 mlipinga biashara ya rehema, kuuza vyeti vya kufutiwa adhabu ya dhambi, leo mnadai bahasha msibani?

Mtoto wa Uru: Sijataja dhehebu.

Mkatoliki Safi: Bahasha imekutaja.

Katekista: Msichokozane. 1999 kule Augsburg pande hizo mbili zilitia saini tamko kwamba tunahesabiwa haki kwa neema. Ila Yakobo naye yumo: imani bila matendo imekufa.

Mlokole Mstaafu: Mhalifu msalabani alipata wapi muda wa matendo?

Katekista: Alimkemea mwenzake.

Mlokole Mstaafu: Hilo tunda, si nauli!

Mama Wawili: Uru, pole. Mama anasali wapi siku hizi?

Mtoto wa Uru: Palepale. Bahasha anaiwahisha kuliko wote. Nikimuuliza ananijibu, "Kwani nimesema nanunua kitu?"

Mhaya: Binti Kwaya, usiache kufunga, shetani halali.

Mama Wawili: Aache! Kwanza anywe uji, tumbo lipone.

Binti Kwaya: Nimeshaacha. Mkesha wa Ijumaa tu ndio sikosi, kwaya yetu ina zamu.