Maulidi au tamasha la Novemba? Nina mama mzee na watoto wawili

BintiMaweni
Asalaam aleikum jamaa wa Amu, yaani Lamu. Nauliza kutoka Malindi. Mama yangu ana miaka 74, magoti yake hayapatani na ngazi, na wanangu wawili tangu waone video ya mbio za punda hawana habari nyingine. Mama yeye anataka matwari, zile ngoma za Maulidi. Alikwenda Maulidi ya msikiti wa Riyadha akiwa msichana, na mpaka leo akifua nguo utamsikia. Likizo ninayo moja tu. Niwapeleke Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, au ningoje tamasha la utamaduni la Novemba? Na saa za mashindano nitazijuaje? Kila ninayemuuliza ana saa yake.

MwanaLangoni
Waaleikum salaam dada. Mlete mama Mfungo Sita, usijiulize mara mbili. Novemba kuna punda, mashua, bao, kuogelea, hina, mapishi, watoto watafurahi sana. Lakini mtu aliyebeba matwari kichwani tangu usichana humpeleki kutazama bao.

Usiku mkubwa ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi, pale Riyadha. Akina mama wana upande wao, kwa hiyo fikeni mapema na mkeka, mama apate ukuta wa kuegemea. Kesho yake Ijumaa kuna ziara kaburini kwa Habib Swaleh, mwanzilishi wa Riyadha, na zefe, maandamano ya mjini. Siku za kabla yake ndizo za watoto: mbio za punda zipo hata Maulidi, na jioni wazee wa goma husimama safu kwa kanzu nyeupe na bakora, wanayumba polepole mpaka unahisi ni wewe unayeyumba. Kirumbizi nayo, fimbo zikilia na zumari likipigwa, watoto wakae mbele.

Saa? Mashua hazitoki mpaka maji na upepo vikubali. Nasema kwa kuwa nimo chomboni, kazi yangu ni viroba. Nahodha akibisha, tanga linavuka upande wa pili, nasi tunakimbiza viroba vya mchanga joshini, upande upepo unakotoka, kabla chombo hakijalala. Mgongo wangu unajua. Basi ukiona foromali, miti ya tanga, zinapandishwa mbele ya mji, bado una muda wa sahani ya viazi vya karai na kikombe cha kahawa chungu.

Mama asivuke kutoka Mokowe, gati ya bara, maji yakiwa yametoka. Ngazi za gatini zinateleza, na boti inakuwa chini huko. Vukeni maji yakijaa, atakanyaga gati kama anayetoka sebuleni. Na chumba ombeni cha chini. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za kumvunja hata kijana.

ShelaJuu
Mimi nasema Novemba. Ni watoto wawili na mzee mmoja, kura zimeshapigwa 😄. Halafu Maulidi mji unajaa wageni mpaka kwenye madari. Mwaka mmoja nililipia chumba nusu nzima kwa simu, kufika nakuta ukoo mwingine umeshatandika. Pesa nilirudishiwa baada ya miezi. Ukienda Maulidi tafuta nyumba ya mtu unayemjua.

MwanaLangoni
Hilo la vyumba ni kweli, ahsante. Lakini kura moja ya mama ni sawa na tatu bwana.

Na hao watoto wasije wakadhani punda ni pikipiki. Nilishindana mara moja, nina miaka kumi na mitano, na punda wa mjomba aliyekuwa akibeba mchanga wa ujenzi kila siku. Tulikuwa wa tatu, watu wanapiga kelele gati nzima, naona kabisa nitapata zawadi. Tulipofika kwenye kichochoro cha ile nyumba iliyokuwa ikijengwa, akakata kona. Nikavuta, nikampiga mateke, wapi! Akaenda akasimama mbele ya rundo lake la mchanga, akatulia. Fundi akatoka, akatazama mgongo wa punda, akanitazama mimi: "Ndoo, shusha hapa!"

Mpaka leo kuna watu huniita Mchanga.

MkaaMkomani
Mchanga, kumbe ni wewe! 😂 Dada, nyongeza ndogo: Mfungo Sita miaka hii unaangukia Agosti na Septemba, na unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo hesabu kwa mwezi mwandamo usihesabu kwa kalenda ya ukutani. Upepo wa kusi bado unavuma wakati huo, mama aje na shuka ya jioni. Na mkiwa Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji, mwonyesheni Ngome. Kama alikuja zamani ataikumbuka ikiwa jela, wafungwa walikaa humo mpaka 1984.

BintiMaweni
Nimemsomea yote. Jela anaikumbuka, anasema walikuwa wakipita wameinamisha vichwa. Tutakuja Mfungo Sita, watoto nimewahadaa kwa punda wa mchanga. Anauliza kitu kimoja tu: mzee wa zumari wa mtaa wa Langoni, yule mwenye mashavu, bado yupo?

MwanaLangoni
Alishatangulia, Mungu amrehemu. Anayepiga sasa ni mjukuu wake. Mashavu ni yale yale.