VFD (kifaa cha kubadili spidi ya mota) ya feni inatripu (inajikata yenyewe) kila nikizima, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, niko Jinja kwenye kiwanda cha kusaga nafaka, mimi ndo fundi umeme wa hapa. Tuna feni kubwa ya kutoa vumbi, mota ya 15kW, zamani ilikuwa inazunguka 50Hz saa zote alafu hewa tunaipunguza kwa dampa (kile kilango cha kuziba njia ya hewa), yaani ni kama kuendesha gari umekanyaga mafuta na breki pamoja. Tukafunga VFD, sasa saa nyingi inaenda 40Hz, na kwa kuwa mzigo wa feni unashuka kwa kipeo cha 3 cha spidi basi inakula kama nusu tu ya umeme, bosi kafurahi sana.

Shida ni kuzima. Nimeweka muda wa kushuka spidi hadi kusimama sekunde 10, ikifika katikati inatripu inasema volteji imezidi. Nadhani lile feni ni zito, linazunguka lenyewe na kurudisha umeme kwenye VFD. Niongeze muda hadi sekunde 60 au niiache isimame yenyewe, ama ninunue rezista ya breki, ile ya kuchoma huo umeme unaorudi (bosi hataki kusikia gharama tena)?

Alafu umeme ukikatika na kurudi, na huku mnajua unavyokatika, feni bado linazunguka, VFD ikianza tu inatripu tena. Kuna setingi ya kudaka mota ikiwa inazunguka, nani ashaitumia?

Na usiku tukishusha hadi 20Hz mota inapata moto, nifunge kifeni cha pembeni?