Naomba ushauri: msingi wa nyumba juu ya ardhi iliyoganda

Fundi wa Wete
Assalamu alaykum. Mpwa wangu anayeishi Fairbanks, Alaska, amenunua kiwanja na ananitaka rai kuhusu msingi. Sisi hapa Pemba huchimba mpaka tukafika kwenye udongo mgumu, tukapanga mawe na kumwaga zege. Kwake yeye, ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Je, ardhi ngumu namna hiyo si ndiyo bora ya kubebea nyumba?

Mpimaji, Unguja
Wa alaykum salaam, ami. Ugumu huo unadumu maadamu baridi ipo, na nyumba ndiyo inayouondoa. Joto la ndani likishuka kupitia sakafu, huyeyusha barafu iliyomo udongoni. Udongo laini hugeuka tope ukatitia, tena si sawasawa, kona moja ikashuka na nyingine ikabaki, kuta zikapasuka na milango ikagoma kufunga. Kwa hiyo asimwage jamvi la zege juu ya ardhi hiyo. Kule Yakutsk, Urusi, majengo husimamishwa juu ya nguzo za zege zilizozamishwa ndani ya ardhi iliyoganda, na chini ya sakafu huachwa uwazi ili hewa ya baridi ipite. Nyumba ndogo yaweza kukaa juu ya nguzo zenye jeki, kona ikishuka ikanyanyuliwa. Na mimea inayofunika ardhi asiifyeke ovyo, kwani ndiyo inayoikinga na jua la kiangazi.

Bi Mkoani
Kiwanja kimetobolewa kupimwa? Fairbanks barafu haipo kila mahali. Miteremko inayoelekea kusini mara nyingi haina. Mimi ningemshauri atafute kiwanja cha huko kabla ya kuhangaika na nguzo.

Fundi wa Wete
Ahsanteni sana. Hajapima. Kiwanja kiko bondeni, kina miti iliyodumaa. Hakuna njia ya kuipoza ardhi yenyewe?

Mpimaji, Unguja
Ipo. Bomba la mafuta la Alaska, lililoanza kazi mwaka 1977, kwa sehemu kubwa limebebwa na nguzo zenye mirija iliyotiwa amonia, kemikali inayogeuka mvuke upesi: joto la ardhini huigeuza amonia kuwa mvuke, mvuke hupanda, hewa ya baridi huupoza ukarudi kuwa amonia ya majimaji na kushuka, bila mota wala umeme. Kwa nyumba ya mtu binafsi ni gharama nzito. Bonde na miti iliyodumaa ni dalili za barafu, ami; namsihi asimlipe fundi yeyote mpaka ardhi itobolewe kila pembe ya nyumba na katikati.